Mjadala: Habari za tetemeko Dodoma ziandikwe na nani, zitunzwe na nani?

Ndugu zangu wa Dodoma, Kondoa, Chemba, Singida na Manyara, naomba tulizungumze hili waziwazi. Hoja yangu: zitengwe fedha za umma kukusanya habari za wananchi waliopitia matetemeko huku kwetu, nyumba kwa nyumba, kwa maneno yao wenyewe, pamoja na picha za nyufa na maelezo ya jinsi kila kaya ilivyojiinua. Wapo wanaosema hiyo ni anasa, kila shilingi iende kwenye saruji na nondo. Mimi napinga.

Tumekaa juu ya tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mipasuko ya Bubu na Hombolo, na safu ya Chenene, wataalamu wa miamba wameichunguza na kuiandika. Mbulu ilitikiswa mwaka 1964 kwa kipimo cha 6.4. Dodoma tarehe 4 Novemba 2002, kipimo 5.5. Halafu tazama sensa: jiji lilikuwa na watu wapatao 410,000 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakazidi 765,000. Wengi wa waliopo leo mwaka 2002 hawakuwa hapa, au hawakuwa wamezaliwa. Mtu anahamia na wizara yake, ananunua kiwanja Ihumwa au Nala, anachimba msingi akiamini matetemeko ni habari za Bukoba. Nani amwambie?

Mitambo itatuambia kipimo na kitovu, basi. Haitasema kwa nini ukuta wa huyu ulilala na wa jirani yake ukasimama, wakati mmoja kajenga kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, na mwingine juu ya mwamba. Hilo analijua mwenye nyumba.

Na ushahidi wake unapotea haraka mno. Ufa unaanzia kona ya dirisha, unapanda mshazari mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaofunga ukuta juu ya madirisha. Fundi anaitwa, anaujaza saruji, anapiga plasta na rangi. Misimu miwili ya mvua ikipita, hakuna anayekumbuka ulitokea lini. Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu udongo wa mbuga wenyewe huvimba kwa mvua na kunywea kiangazi, ukapasua kuta pasipo tetemeko lolote. Ufa usioandikiwa tarehe kila mtu atausemea analotaka.

Kagera tulijionea. Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi mno. Ihungo na Nyakato, shule zilizoharibika, habari zao zinajulikana. Lakini Rais Magufuli alipofika huko Januari 2017, aliwaambia wananchi wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Basi watu wakajijengea. Walikopa wapi? Nani aliongeza lenta safari hii, na nani alirudia matofali yale yale kwa udongo ule ule? Hayo ndiyo mafunzo ninayoyataka mimi, na mengi yamebaki vichwani mwa watu wa Hamugembe, kule Bukoba.

Wenzetu wa Christchurch, New Zealand, walitikiswa Septemba 2010 na tena Februari 2011, mara ya pili wakafa watu 185. Chuo Kikuu cha Canterbury kikaanzisha hifadhi ya kumbukumbu, na kontena la mizigo likageuzwa studio ya kurekodia, likahamishwa mtaa hadi mtaa ili watu waingie waseme. Kontena tunazo. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, tunacho.

*Jibu, kutoka Chamwino:*
Kaka, mimi ni fundi ujenzi na nakuheshimu, ila kumbukumbu haishiki paa. Watu wanajenga matofali ya kuchoma bila lenta kwa sababu hawana hela, wala si kwa kutojua. Hizo za kurekodi nipe mimi, ninunue nondo za nyumba kadhaa, nikufundishie na vijana.

*Jibu, kutoka Chang'ombe ya Dodoma:*
Kuna jambo hamjaligusa. Leo unakuja na kamera, unaandika jina langu na ufa wangu. Kesho anakuja mwingine na rangi nyekundu, ananipigia X ukutani kwamba nyumba si salama, nibomoe. Nitakuwa nimejichongea mwenyewe. Hapana, sirekodiwi.

*Mleta hoja:*
Fundi wangu, nondo nazikubali, tena nakuomba uwe wa kwanza kuhojiwa, kwa sababu umezibua na kuziba kuta nyingi kuliko mtaalamu yeyote. Lakini anayekusanya pesa kidogo kidogo hajui aanze na lipi. Akisikia kutoka kwa jirani yake kwamba ukuta wenye lenta ulisimama, atapunguza chumba kimoja ili apate lenta. Hilo halitokani na tangazo la redioni.

Mama wa Chang'ombe, hofu yako ni ya haki na imenifanya niongeze sharti. Jina na namba ya nyumba visiandikwe bila idhini ya mwenyewe. Daftari moja likae serikali ya mtaa, mwenyewe awe na haki ya kufuta habari zake, na iandikwe kabisa, kwa mhuri, kwamba maelezo hayo hayatumiki kwenye bomoabomoa. Bila mhuri huo hata mimi nitamshauri mtu akae kimya.

Sasa nauliza waliowahi kukaa kwenye kamati za maafa za kata: mhuri huo autoe nani ili uwe na nguvu, mkurugenzi wa jiji au mkuu wa wilaya? Na kama nakala ya pili ikienda Nyaraka za Taifa, nani atakuwa na ruhusa ya kuifungua?