Mrejesho: Ile Hilux ya mzee iliyoliwa na kutu

Wakuu, niliwauliza kama Hilux ya mzee, ile pikapu iliyokaa miaka na miaka kwenye hewa ya bahari hapa Tanga, inafaa kutengenezwa nyumbani au iende skrepa. Inafaa.

Wengi mlisema nianze na chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima. Niliigonga kwa nyundo mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Palipooza ni nyuma tu, karibu na springi. Fundi wa kuchomelea alikata mpaka kwenye chuma kizima ndipo akaweka kipande kipya. Kabla ya hapo tulichomoa betri na kushusha tangi la mafuta. Hilo msilifanyie mzaha.

Aliyeshauri nizibe matundu kwa puti (ule udongo wa kujazia bodi kabla ya rangi), samahani ndugu yangu, sikukufuata. Puti inanyonya unyevu, kutu inaendelea chini kwa chini, masika yakipita rangi inavimba. Sakafu tumeweka bati jipya. Milango nayo kumbe ilioza kwa sababu vitundu vya kutolea maji vilizibwa na tope! Nimevizibua kwa waya.

Kutu ya juujuu niliitoa kwa brashi ya waya, nikapaka praima (rangi ya msingi) siku ileile, maana kwa unyevu wa huku chuma kikilala wazi kinaamka chekundu. Mabomba ya breki nimebadilisha yote, hata yaliyoonekana mazima.

Rangi bado. Mzee anataka nyeupe, mimi kijivu. Mwenye mlango wa nyuma wa bodi, hata uliobonyea, anishtue.