Nilimaliza fomu foo 2009 ila bado naota niko kwenye pepa ya hesabu

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana hili linanichosha. Nilimaliza fomu foo 2009, chuo nikamaliza, sasa hivi niko kazini na nina watoto wawili, lakini naota ndoto ile ile, niko chumba cha mtihani wa NECTA, pepa ya hesabu imeshagawiwa, kalamu haiandiki, namba ya mtihani siikumbuki na msimamizi anatangaza zimebaki dakika kumi. Naamka saa kumi alfajiri moyo unaenda mbio, inabidi nikae kwanza ndo nikumbuke cheti kipo kabatini. Mwezi huu imekuja mara nne, na ndo mwezi kodi ya miezi sita inadaiwa na ofisini tunafunga hesabu, wakaguzi wanakuja. Mama anasema kuota shule maana yake kuna mtu ananirudisha nyuma, niende nikaombewe. Nyie mnaonaje?

Mama K
Pole sana mwaya. Mi naota nimerudi darasa la saba na sare hainitoshi, na nimegundua inakuja nikiwa na madeni tu. Maombi nenda, yananituliza hata mimi, ila usianze kumtafuta mchawi kwenye ukoo, shangazi yangu alituhumiwa kwa ndoto ya mtu na mpaka leo hiyo familia haijakaa sawa.

Nesi wa zamu
Mkuu soma tena ulichoandika, unafunga hesabu kazini afu usiku unaota pepa ya hesabu, mkaguzi anakuja afu unaota msimamizi. Mtihani ndo ilikuwa moja ya mara zako za kwanza kupimwa na mtu usiyemjua, kwa hiyo ukiogopa kupimwa leo akili inachukua picha ya zamani. Na hiyo saa kumi sio ya ajabu, ndoto nzito zinakuja zaidi kwenye usingizi wa REM, yaani hatua ya usingizi ambayo macho yanachezacheza chini ya kope, unajirudia kila dakika 90 hivi na unazidi kurefuka kuelekea alfajiri. Kuna njia inatumika hata hospitali kwa watu wenye ndoto mbaya: mchana andika ndoto kwenye daftari, badilisha mwisho utakavyo wewe, afu uupitie kichwani dakika kumi hivi kila siku. Kahawa acha kuanzia mchana. Ukiona usingizi umekata kabisa au hofu inakufuata mpaka kazini, muone daktari usisubiri.

Tichaa mstaafu
Nimesimamia mitihani miaka mingi, nimeona watoto wanatetemeka mpaka kalamu inadondoka. Tuliwaambia ukifeli maisha yamekwisha, na tuliwachapa kwa hesabu. Hilo linaniuma mpaka leo. Mwanangu, huo woga hukuzaliwa nao.

Muuliza swali
Mwalimu umeniliza. Nesi asante, leo naandika, naweka kalamu tatu mezani na msimamizi aniambie muda bado upo. Sasa mama nimwelezeje bila kuonekana nadharau maombi yake?