Mwalimu wa tuisheni kamwandikia binti yangu "visukuku vya mpito havipo". Mia tatu zangu nataka!

Wadau, leo nimechoka. Binti yangu yuko kidato cha nne hapa Mombasa. Kila Jumamosi nampa mia tatu ya tuisheni ya baiolojia, pesa ya kukata samaki tangu alfajiri. Juzi nafungua daftari, mada nzima ya mageuko ya viumbe ina mstari mmoja: "Visukuku vya mpito havipo." Yaani ati hakuna mabaki ya viumbe wa kale walio katikati, nusu kundi hili nusu lile. Basi! Kahamia mada nyingine.

Nikampigia. Akacheka, ati, "Mzee, nionyeshe samaki mwenye shingo."

Kamuuliza nani sasa! Mimi miaka ishirini na kisu mkononi. Changu, tewa, nguru, ukitaka kutoa kichwa lazima upambane na ule mfupa wa bega ulioshikana na fuvu nyuma ya matamvua. Samaki hageuzi kichwa, hugeuka mwili mzima. Haya, Tiktaalik, kiumbe wa kale wa katikati ya samaki na wanyama wa miguu minne, aliyechimbuliwa kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, mwaka 2004: magamba anayo, mapezi anayo, lakini bega limeachana na kichwa. Shingo hiyo! Na ndani ya pezi mna mifupa ya mkono, kiwiko, hadi mwanzo wa kifundo. Umri wake kama miaka milioni 375.

Wala hakuokotwa kwa bahati. Mtaalamu wa visukuku Neil Shubin na wenzake walipiga hesabu ya miamba: ya zamani zaidi ina samaki watupu, ya baadaye ina wanyama wa miguu minne, wakaifuata iliyo katikati. Walirudi kwenye baridi ile mara kadhaa. Mvuvi akikwambia pweza yumo pango lile, akazama akamtoa, utasema kabahatisha?

Nikamtajia na nyangumi wa kale wa Wadi al-Hitan, Misri, wenye vijiguu vya nyuma visivyoweza kubeba hata kichwa chao, alama ya wazee wao waliotembea nchi kavu. Jibu: "Hayo hayatoki kwenye mtihani." Mada ya mageuko imo kwenye silabasi, bwana!

Kama imani yake haikubali, sawa, mimi mwenyewe naswali. Aseme "mimi siamini." Kumwandikia mtoto wa watu "havipo" ni uongo, tena wa kulipiwa.

Nimedai pesa zangu, anasema kishalipia kodi ya chumba. Jumamosi binti haendi. Atakuja sokoni nimpasulie tewa, aitafute shingo mwenyewe.