Buhene: tukikata parseli (viwanja vyetu) tufungue avenyu, nani akatwe kiasi gani?

Mama wa Buhene:
Jambo ndugu zangu. Lava ya volkano Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilifunika parseli zetu hapa Buhene, karibu na Goma, Kongo. Tulirudi tukajenga nyumba za mbao juu ya mawe, kila mtu akikisia mpaka wake, na sasa katikati inapita chukudu moja tu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Gari la maji halifiki. Shefu wa avenyu anataka tuunganishe parseli zote, zipimwe upya, kila mmoja aache asilimia 20 kwa barabara na mfereji. Yangu ni mita 10 kwa 15. Jirani yangu ana 30 kwa 40. Barabara naitaka sana. Lakini mimi nibaki na mita za mraba 120, yeye 960, ni haki hiyo?

Papa Jeometa:
Pole, mama. Wazo lenyewe ni zuri. Bhuj, kule India, ilipangwa upya hivyo baada ya tetemeko la Januari 2001, na wenye viwanja vidogo walikatwa kidogo kuliko wenye vikubwa. Daini hesabu ya namna hiyo. Watakuambia parseli ikipata barabara bei inapanda. Kweli, ila hiyo inamfaa anayeuza, na wewe una watoto wa kulaza.

La pili ni zito zaidi. Kwa sheria ya Kongo ya 1973 ardhi ni ya Serikali, na haki yako inathibitishwa na cheti cha usajili. Maneno ya mkutanoni hayatoshi. Kadasta, yaani ofisi ya Serikali ya kupima ardhi, ipime, mawe ya mpaka yawekwe, vyeti vitolewe kwa vipimo vipya. Wenye fishi tu, yaani karatasi ya parseli isiyo cheti, waandikwe kabla kamba haijavutwa.

Dada wa Virunga:
Na wajane! Jina kwenye karatasi ni la marehemu, basi anaitwa shemeji mkutanoni. Aitwe mama anayeishi pale.

Mama wa Buhene:
Asante Papa, asante dada. Na kazi yenyewe ataigharimia nani?

Papa Jeometa:
Japani, sehemu ya ardhi iliyochangwa huwekwa akiba, ikauzwa kulipia kazi. Kwenu kipande hicho kikatwe upande wa barabara kubwa. Ndani kwenye mawe hamtapata mnunuzi. Na bei itangazwe mbele ya wote.