Julia Child: aliwezaje kupika mbele ya kamera nusu saa nzima bila mkanda kukatwa?

Mdadisi_wa_Jiko: Wakuu, naomba msaada kwa wanaomfahamu vizuri Julia Child, yule mpishi Mmarekani wa televisheni. Alijifunza upishi wapi, na kwa muda gani kabla ya kuingia kwenye televisheni? Vipindi vya mwanzo vya programu yake, The French Chef, vilirekodiwa mfululizo. Sasa nyama inayotaka karibu saa tatu motoni inaivaje ndani ya nusu saa? Na lile la kuangusha kuku sakafuni, kumwokota na kuendelea kumpika, ni kweli?

Jungu_Kuu: Nianze na la kwanza, maana ndilo linalopotoshwa zaidi. Watu humsimulia kama mama wa nyumbani aliyebahatika, lakini haikuwa bahati. Alizaliwa Pasadena, California, tarehe 15 Agosti 1912. Alihitimu Smith College mwaka 1934, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliajiriwa na OSS, idara ya ujasusi ya Marekani, akitunza majalada ya siri. Alipelekwa Kandy, katika Sri Lanka ya leo, kisha Kunming, China. Ni kazi hiyo iliyomkutanisha na Paul Child, wakaoana mwaka 1946. Hadi hapo upishi haukuwa fani yake hata kidogo.

Paul alihamishiwa Paris mwaka 1948. Mwaka uliofuata Julia alijiandikisha Le Cordon Bleu, shule ya upishi ya huko, akasoma pamoja na wanajeshi wa zamani wa Marekani chini ya mpishi Max Bugnard. Mtihani wa kwanza alianguka. Alikuwa amejiandaa kwa mapishi magumu, akaulizwa vyakula vya kawaida vya kwenye kijitabu cha shule ambavyo hakuvikariri. Aliurudia, akafaulu. Baada ya hapo alifundisha na kuandika kwa miaka mingi pamoja na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle. Muswada wao ulikataliwa na mchapishaji mmoja kabla Judith Jones, mhariri wa kampuni ya uchapishaji ya Knopf, hajaupigania. Kitabu chao, Mastering the Art of French Cooking, kikatoka mwaka 1961, Julia akiwa na miaka 49. Kwa hiyo kipindi kilipoanza kurushwa Februari 1963, nyuma yake kulikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kupima, kupika, kuonja na kupika tena.

Mwiko_Mrefu: Kuhusu kamera: mwaka 1962 alialikwa na kituo cha WGBH cha Boston kuzungumzia kitabu chake. Akaja na mayai na jiko dogo, akapika kimanda hapohapo. Watazamaji waliandika barua kutaka zaidi, zikarekodiwa programu tatu za majaribio. Studio ya kituo ilikuwa imeungua mwaka uliotangulia, wakaazima jiko la maonyesho la kampuni ya gesi.

Kukata na kuunga mkanda ilikuwa kazi ghali, hivyo zile dakika 28 zilipigwa kwa mkupuo mmoja. Ujanja wake ni kuandaa chakula kilekile katika hatua tofauti. Kwa ile nyama ya bourguignon, yaani ya ng'ombe iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu, unahitaji sufuria ya kuonyesha nyama ikikaangwa, nyingine iliyokwisha tiwa mvinyo na mchuzi, na ya tatu iliyoiva kabisa ndani ya oveni. Mpishi akishafunika ya pili, anaitoa ya tatu. Ruth Lockwood, mtayarishaji msaidizi wa kipindi, alisaidia kuugawa muda kwa dakika kwa kila hatua, na kando ya kamera kulikuwa na vibao vya kumkumbusha Julia neno au kitendo kinachofuata. Bila ratiba hiyo unatumia dakika kumi kukata vitunguu, na chakula hakifiki mezani.

Halafu mvinyo mwekundu aliokuwa akimimina mezani mara nyingi yalikuwa maji yaliyotiwa rangi ya mchuzi. Kipindi kilikuwa na fedha kidogo mno.

Jungu_Kuu: Na kuku hakuanguka. Kilichoanguka ni chapati ya viazi alipojaribu kuigeuza kwa kuirusha. Kipande kilimwagikia juu ya jiko, si sakafuni. Alikizoa, akakirudisha kikaangoni, na kueleza kosa palepale: hakurusha kwa ujasiri. Ukisita katikati, kikaango kinasimama kabla chapati haijapata nguvu ya kupinduka, inakunjika na kuvunjika. Nadhani somo hilo lilikuwa na thamani kuliko chapati yenyewe.

Mdadisi_wa_Jiko: Shukrani sana. Swali moja limebaki. Nyama ya bourguignon ikitoka ya kijivu na mchuzi mwepesi, kosa liko wapi?

Mwiko_Mrefu: Karibu kila mara kosa ni maji. Julia alisisitiza kila kipande kikaushwe kwa karatasi au kitambaa, kwa sababu nyama yenye unyevu haikaangiki, inatokota. Vipande vya sentimita tano hivi, mafuta yawe moto kweli, na uweke vichache kwa wakati mmoja. Ukivibana, joto linashuka, maji yanatoka, na ule ukoko wa kahawia unaobeba ladha haupatikani.

Kwa nyama ya kilo 1.3 hivi anatumia vijiko viwili vikubwa vya unga. Nyama iliyopakwa unga inaingia oveni ya nyuzi 230 za Selsiasi dakika nne, inageuzwa, kisha dakika nne nyingine ili unga upate rangi. Ndipo huja vikombe vitatu vya mvinyo, vikombe viwili au vitatu vya mchuzi wa nyama na kijiko cha nyanya ya kopo. Oveni inashushwa hadi 160, inakaa saa mbili na nusu hadi tatu. Itokote polepole mno. Ikichemka kwa nguvu nyama inakauka hata kama imezama mchuzini.

Uyoga na vitunguu vidogo hupikwa kando na kuongezwa mwishoni. Ukivitia mapema vinapondeka, na uyoga unaachia maji mchuzini. Mchuzi uchujwe, uenguliwe mafuta, na ukiwa mwepesi uchemshwe peke yake hadi ubaki kama vikombe viwili na nusu na uweze kupaka mgongo wa kijiko.

Jungu_Kuu: Niongeze kuhusu urefu wa meza, kwa anayepanga jiko. Julia alikuwa na kimo cha sentimita 188 hivi, kwa hiyo Paul aliinua meza za jiko lao la Cambridge, Massachusetts, hadi sentimita 96 na nusu, wakati za kawaida ni kama 91. Pia alichora ukutani umbo la kila sufuria ili irudi mahali pake. Julia alilitoa jiko zima mwaka 2001, na sasa liko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.