Ringi mara tatu kwa miezi minne! Mafundi, mnapima au mnabahatisha?

Wadau, naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi nisameheni. Ni hizi ringi, pete za pistoni zinazozuia oili isipande kuungua.

Pikipiki ninayoendesha ni ya cc 125, ya mtu, na steji yangu ni Ahero, huku Kisumu. Nabeba abiria na magunia ya mchele, nusu ya siku niko ndani huko kwenye murram, vumbi mpaka kwenye meno. Mwezi wa pili ikaanza kutoa moshi wa bluu kila nikikaza mafuta, na kamlima kadogo tu inalia kama imebeba nyumba. Nikaipeleka kwa fundi wangu wa siku zote kule Kondele, Kisumu mjini. Hata plagi hakutoa. Aliangalia moshi akasema, "Omera, hiyo ni ringi. Leta 1,800, saa nane uko barabarani."

Saa nane nikawa barabarani kweli. Baada ya wiki tatu moshi ukarudi. Akasema ringi zilikuwa feki, nikanunua za bei. Zikaenda mwezi mmoja na kidogo. Mara ya tatu akanigeukia mimi, eti nabeba watu watatu. Wakati huo nilikuwa naongeza lita ya oili kila wiki.

Nikachoka, nikaenda kwa mzee mmoja Nyamasaria. Yule hana maneno. Alitoa plagi, akafunga geji ya kompreshoni, ile ya kupima mgandamizo wa hewa, akapiga kiki. Sindano ikapanda kidogo ikakwama. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapiga kiki tena: sindano ikaruka. "Oili imeziba pembeni mwa pistoni ikapanda, basi valvu ziko sawa," akasema, "hewa inapita kwenye ringi." Nikamwambia mzee, ringi ni mpya, hazijamaliza hata mwezi! Akafungua.

Sasa oneni hapa. Alichukua ringi ya juu, akaiingiza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma na kichwa cha pistoni ili ikae sawa, akapima mwanya wa ncha zake na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kule chini kabisa, ambako pistoni haisugui sana, mwanya ulikuwa kama milimita 0.2, ringi mpya kabisa. Akaileta juu: geji ya 0.5 ikapita bila kugusa. Ringi ni ile ile! Iliyokwisha ni silinda. Hata ungeniwekea ringi za dhahabu zingepitisha oili, kwa sababu dawa ilikuwa kuchonga silinda na kuweka pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa zaidi kwa milimita 0.50. Mara tatu nimelipia kitu ambacho hakingeweza kusaidia.

Na si hayo tu. Ringi ya pili ilikuwa imegeuzwa, alama inaangalia chini. Mianya ya zote tatu imepangwa mstari mmoja, badala ya kutawanywa, kana kwamba alitaka kuifungulia oili mlango.

Halafu mzee akauliza, "Hii silinda imekulwa na nini?" Akafungua boksi la filta ya hewa. Tupu. Hapo ndipo nikakumbuka: Desemba nilipopeleka pikipiki kumwaga oili, yule fundi wa Kondele alitoa sponji ya filta, akasema inaziba, wacha injini ipumue. Na mimi mjinga nikamwambia asante! Tangu hapo injini imevuta vumbi la murram likachanganyika na oili, ikawa kama msasa.

Binamu yangu hapa Ahero yake inatoa moshi asubuhi tu ikiwashwa, kisha inanyamaza siku nzima. Ameshauziwa pistoni nzima, moshi uko pale pale. Hizo si ni oili sili za valvu jamani? Vijipira viwili!

Jana nilimpitia yule fundi nimuulize taratibu kama watu wazima. Sponji yangu nikaikuta kwenye benchi, anapangusia mikono. Akaniambia hanidai na simdai.

Sasa silinda imechongwa na pistoni ni mpya, kwa hiyo mzee wa Nyamasaria amenikataza kukaza mafuta na kubeba magunia mpaka nimalize kilomita 500, na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni kama kawaida. Nauliza nyinyi wa Kisumu: kutoka Kondele mpaka Mamboleo, kuna fundi mmoja mwenye fila geji? Mmoja tu. Tajeni steji alipo.