Mgeni amemaliza maji yetu ya moto asubuhi, jioni akatupitishia sinia la mchango mbele ya ukumbi mzima

Muuguzi wa Safari (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za usiku huu. Ninaandika nikiwa bado nimevaa gauni la harusi, kwa sababu nikilala na jambo hili kifuani nitaamka na presha, na mimi ndiye ninayepima wenzangu presha kwa mshahara. Jina simtaji. Yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi, arobaini, ubatizo, au hata kikao cha kupanga kikao hapa Houston anamfahamu, kwani haijawahi kuwashwa maikrofoni katika jimbo la Texas ikapoa kabla Mheshimiwa huyu hajaishika.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mimi na mume wangu tunaishi katika RV, yaani nyumba ya magurudumu, mwaka mzima, na tunaishi kwa kupenda. Mimi ni muuguzi wa mikataba. Hospitali hunichukua kwa majuma 13, mkataba ukiisha tunafungasha na kuhamia jimbo jingine, na badala ya kuhangaika kutafuta chumba cha kupanga kila baada ya miezi mitatu tuliona ni afadhali nyumba yenyewe itufuate. Ni trela la futi 34 linalovutwa na pikapu, lina kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, bafu, choo, na ubavu mmoja unaosukumwa nje kwa mota ili sebule ipanuke. Mume wangu hufanya kazi zake za kompyuta humo humo kwa intaneti ya setilaiti. Hakuna mwenye nyumba anayetudai senti.

Asubuhi ya harusi, Mheshimiwa alitupigia simu kwamba hoteli aliyofikia ina hitilafu ya maji. Tulikuwa tumeegesha nyuma ya ukumbi kwa ruhusa ya wenyewe, tukamkaribisha. Alikunywa chai ya tangawizi, akala vitumbua vyote vilivyokuwa mezani, akaingia kuoga. Naomba mwelewe kwamba tangi letu la maji ya moto linachukua galoni 6, yaani lita zipatazo 23, na wanaoishi hivi wanajua namna ya kuoga: unajilowesha, unafunga bomba, unajipaka sabuni, unafungua tena kujisuuza, basi. Mheshimiwa alioga kana kwamba amekodi Ziwa Victoria lote pamoja na visiwa vyake. Aliimba beti zote za wimbo na kurudia kiitikio. Maji ya moto yalipokwisha aligonga mlango kutoka ndani kutulalamikia kwamba huduma imeshuka. Mimi nikaenda harusini nimeoga ya baridi, na sikusema neno.

Jioni, baada ya kuku na kabla ya keki, akaikamata maikrofoni. Aliwapongeza maharusi kidogo, akajipongeza mwenyewe kwa kirefu, kisha sauti ikabadilika ikawa ya msibani. Akasema kwamba katika furaha hii tusiwasahau wenzetu wawili waliomo humu ndani ambao hawana pa kulala, ambao maisha yamewapiga hadi wanaishi ndani ya kontena. Akatunyooshea kidole. Akachukua sinia lililokuwa na sambusa, mafuta na makombo bado yapo, akaweka dola tano zake juu ili kila mtu azione, akaamuru lizungushwe meza kwa meza.

Nasema lilikuwa sinia la sambusa, wanajamvi, katika ukumbi wenye watu wapatao mia tatu, wakiwemo wauguzi wenzangu.

Na lilipofika mezani kwetu, mume wangu, ambaye alikuwa nje akipokea simu na hakusikia hotuba, aliuliza hilo sinia ni la nini. Jirani akamjibu kwamba ni la wenzetu wenye shida. Naye, kwa moyo wake ule mnaoujua, akatoa dola 20 akazilaza juu ya makombo. Mume wangu amejichangia, jamani, na watu wakampigia makofi!

Akaongeza kwamba ati hatuna hata anwani. Anwani tunayo South Dakota, ambako mtu anayeishi barabarani hupata leseni ya udereva kwa kuonyesha risiti ya kulala usiku mmoja ndani ya jimbo na anwani ya kampuni inayompokelea barua, na jimbo lile halitozi kodi ya mapato. Lakini sikuja kutetea anwani. Nimekuja kuuliza kama mtu aliyeoga kwako asubuhi anaweza kukupitishia sinia jioni, ile noti ya mume wangu ikiwa juu inameremeta kwa mafuta. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Mwana wa Kisauni

Pole sana, dada yangu. Nilikuwepo, meza ya nne, nami niliweka dola kumi kwa uchungu mkubwa. Kabla sijatoa maoni yoyote ningependa kujua kama shemeji amerudishiwa ile ishirini yake, kwa maana kama yeye anarudishiwa, nami nina ile kumi yangu.

Muuguzi wa Safari

Kaka, fedha zilihesabiwa na Mheshimiwa mwenyewe, zikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikatiwa kwenye mkoba, na mkoba ukaondoka naye. Alisema atatuletea “tukishatulia mahali.”

Bibi wa Minneapolis

Bahasha hiyo isomee dua, mwanangu, kwani hutaiona tena. Kwenye arobaini ya marehemu dada yangu alizungumza hadi wali ukashika ukoko kwenye masahani. Alianza na wasifu wa marehemu, akaishia na wasifu wake.

Kalamu Nyekundu

Nimesoma kwa makini na sijaona mleta uzi akigusia jambo la msingi. Muuguzi wa mikataba hulipwa posho ya nyumba isiyokatwa kodi kwa sharti kwamba ana makazi ya kudumu anayoyagharimia mahali pengine. Asiye nayo, mamlaka ya mapato ya Marekani humhesabu kuwa mtu wa kuhamahama, na posho yake hutozwa kodi kama mshahara mwingine. Risiti ya usiku mmoja ya South Dakota inampa leseni ya udereva, haimpi makazi ya kikodi. Dada ajiandae.

Muuguzi wa Safari

Posho yangu inakatwa kodi na nyaraka ninazo. Nimeleta hapa habari ya sinia la sambusa, wewe unanitolea somo la kodi. Je, wewe ndiye uliyekuwa umelishika upande wa kushoto?

Kibuyu cha Tanga

Mimi nacheka hadi jirani amegonga ukuta. Dada, usikasirike, lakini nyumbani Tanga mama mkwe wako akiulizwa kama mtoto wake amejenga Marekani, anajibu nini? Kwamba amejenga, ila msingi una matairi? Halafu shemeji anapigiwa makofi kwa kujisaidia mwenyewe, jambo ambalo hata wanasiasa wetu hulifanya gizani.

Sinia Langu

Samahani kwa kuingilia. Sinia linalozungumziwa ni langu, lina alama ya rangi nyekundu kwa chini, na nililiazimisha kwa ajili ya sambusa tu, si kwa shughuli za harambee. Aliyenalo alirudishe pamoja na mabakuli mawili yenye vifuniko ambayo hayajarudi tangu Idi iliyopita.

Mzee wa Vitabu

Wajukuu zangu, watu wa kuishi katika matrela hawakuanza leo wala hawakuanzia Houston. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwasisi wa matrela ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela zaidi ya 40 kutoka Cape Town, ukapita Kenya na Ethiopia, ukafika Cairo mwaka 1960. Walivuka mito na matope, matrela yakivunjika na kuungwa njiani. Sijasoma popote kwamba walifika mahali wenyeji wakawapitishia sinia.

Mwana wa Kisauni

Mzee, wakati ule Mheshimiwa alikuwa hajazaliwa.

Wawili wa Jangwani

Mimi na mke wangu nasi tunaishi katika RV, na ninampa pole mwenzetu, ingawa sielewi kwa nini mtu amruhusu mgeni kuoga bila kumpa mafunzo. Kwetu mgeni huonyeshwa kwanza vipimo vya matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Maana maji aliyoimbia Mheshimiwa hayakupotea, yameingia katika tangi la pili, na likijaa yatapanda juu kupitia sakafu ya bafu. Dada, umelikagua? Wakati wa kumwaga anza na tangi la choo, kisha fungua lile la maji ya sabuni lisafishe mpira wa kumwagia. Tuliona jirani aliyegeuza utaratibu huo, na hadi leo hatumkaribii.

Pia ningependa kuongeza kwamba sisi hatuegeshi nyuma ya kumbi. Majira ya baridi tunakaa Quartzsite, Arizona, katika ardhi ya serikali kuu, ambako kibali cha msimu mzima, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, kwa miaka mingi kilikuwa dola 180. Umeme tunapata kwenye paneli za sola, maji tunafuata kwenye kambi ya La Posa. Anayetaka kutuchangia aje huko na sinia lake tupikie.

Muuguzi wa Safari

Tangi limejaa. Nimetoka kulikagua. Limejaa hadi ukingoni, na povu ni la sabuni yangu ya waridi niliyokuwa naitunza! Sasa nitahama usiku huu kutafuta kituo cha kumwagia kwa sababu ya mtu aliyesema sina pa kulala.

Dereva wa Usiku

Nimevumilia, sasa naomba nami nisikilizwe. Ninyi watu wa RV mnalia kwa sinia, na sisi tuliaje? Mimi ni dereva wa lori. Sheria ya serikali kuu inaniruhusu kuendesha kwa muda wa saa 11 tu ndani ya kipindi cha saa 14, kisha ni lazima nipumzike saa 10 mfululizo, na kompyuta iliyomo ndani ya lori inahesabu kila dakika. Juzi nimefika kituo cha mafuta Oklahoma nimebakiwa na dakika chache, na ninakuta nini? Katika nafasi ya lori ambayo ningeweza kuingiza trela langu la futi 53 kuna RV moja imekaa katikati, ubavu umesukumwa nje, taa za rangi zinawaka, na mzee mmoja ameweka kiti na anachoma nyama. Niliomba anipishe. Akaniuliza kama nina miadi.

Wawili wa Jangwani

Ndugu dereva, wenye adabu miongoni mwetu hawalali kwenye nafasi za malori. Wapo wanaolala katika maegesho ya maduka ya Walmart yale yanayoruhusu, na wapo wanaoingia katika ardhi ya serikali ambako kwa kawaida mtu hukaa siku 14 bila malipo, kisha husogea. Usitutie wote kapu moja kwa sababu ya mzee wa nyama.

Dereva wa Usiku

Kila ninayemkuta ananiambia kwamba yeye ni wa wenye adabu. Wasio na adabu nawakuta wamelala tayari.

Nyumba ya Katy

Acheni tuwasimulie sisi wenye nyumba zisizotembea, ndipo mtajua nani wa kupitishiwa sinia. Nyumba yangu ipo Katy, kando ya Houston, nailipia mkopo, nailipia kodi ya mali ambayo Texas hawana huruma nayo, na juu yake nalipia chama cha wenye nyumba wa mtaa, ambacho kazi yake ni kupima nyasi zangu. Wameniandikia barua kwa sababu ya nyasi, wakaniandikia kwa sababu ya pipa la taka lililolala nje, na wakaniandikia kwa sababu rangi ya mlango, walivyodai, “haiendani na mtaa.” Mlango ni wangu! Mheshimiwa alipopita na sinia nilitaka kulipokea nibaki nalo.

Sinia Langu

Kwa hiyo ninyi mliliona likipita Katy?

Bibi wa Minneapolis

Wanangu, ninyi mna nyasi. Sisi huku theluji ikianguka tusipoisafisha kijiani mji unatutoza. Mwenye RV hungoja Oktoba, akawasha pikapu, akatuaga.

Muuguzi wa Safari

Samahani, mimi bado nauliza kuhusu bahasha. Na nimezunguka vituo viwili vya kumwagia maji, vyote vimefungwa usiku. Nyumba ya Katy, kaka yangu, je, ninaweza kuegesha mbele ya nyumba yako hadi asubuhi?

Nyumba ya Katy

Karibu sana, shemeji yangu pia karibu, ila mtaa wetu unakataza RV kuonekana kutoka barabarani. Mkiweza kuizima taa na kuificha nyuma ya mti wa jirani, hakuna neno. Mti wenyewe una futi kumi.

Nyumba ya Katy

Barua imeshafika kwa barua pepe. Wameambatisha na picha. Inaonekana hawalali.

Dereva wa Usiku

Dada, kuna kituo cha mafuta barabara kuu ya 10 kinachofungua mahali pa kumwagia usiku kucha, nakupa maelekezo faraghani. Lakini ukishamwaga, ondoka. Nafika hapo alfajiri na muda wangu utakuwa umekwisha.